Nilivyoombolezwa Nikienda Kupigwa Picha

Siku hizi kila nikishuka sokoni Nyaramba kuna mtu ananishika mkono na kuubonyeza kidogo, ahakikishe una nyama na mfupa. Wengine wananizungukazunguka kwa adabu, wengine wananiuliza waziwazi kama ni kweli nilikufa Ijumaa nikafufuka Jumapili. Si kweli. Nilikwenda kutafuta kazi ya uanamitindo, nikifuatana na baba yangu mzazi, ambaye ni mzee wa kanisa la Wasabato. Nimechoka kuisimulia vipande vipande huku mnanikatiza kwa vicheko, kwa hiyo naiandika mara moja, mwenye kutaka asome. Habari za fomu na simu za mwanzo nimeziruka kwa sababu hazina utamu wowote.

Nyaramba, kunyoa kichwa

Yote yalianzia kwenye harusi ya binamu yangu mjini Kisii, ambako kazi yangu ilikuwa kubeba kreti za soda. Mwanamke mmoja wa Nairobi aitwaye Nduta alinisimamisha nikiwa na kreti begani, akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, halafu akaniambia nina shingo. Shingo hii nimekuwa nayo tangu nizaliwe na hakuna aliyewahi kunipongeza kwa ajili yake. Shule ya msingi waliniita Twiga. Kumbe Nduta anafanya kazi na wakala wa wanamitindo, watu ambao kazi yao ni kukutafutia kazi ya kuvaa nguo na kupigwa picha, nao huchukua sehemu yao ya malipo.

Baadaye akapiga simu. Wakala ungenisimamia ikiwa vipimo vyangu vingefaa na picha za kwanza zingetoka vizuri. Nije Kisii siku ya Ijumaa, ghorofani kwenye duka la vitambaa la mtu anayeitwa Harshad, ambaye alikuwa anatafuta kijana wa kumwonyeshea suti zake. Akanipa na masharti. Nivae nyeusi tupu, ya kubana, isiyo na maandishi. Ninyoe kichwa chote. Nisijipake mafuta usoni, nisile sana siku ya kuamkia Ijumaa hiyo, na nijizoeze kutotabasamu. Niliyafuata yote kwa uaminifu, na asubuhi ya Ijumaa nilipojitazama kwenye kioo cha mama niliona mwanamitindo. Mnisamehe, ndicho nilichokiona.

Sasa baba. Mimi ni mtu mzima, nina kitambulisho, ningeweza kwenda peke yangu. Lakini mimi ndiye mwana wa kiume pekee niliyebaki nyumbani, majani chai yetu tunayachuma mimi na yeye, na kwetu ukiondoka bila neno la baba yako watu wanasema umetoroka. Nilitaka aseme ndiyo. Kusema kweli niliitaka ndiyo hiyo kuliko kazi yenyewe, na ilinikera kwamba naitaka. Nilipomwambia habari za Nduta, tata, ndivyo tunavyomwita baba, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Twende nikawaone hao watu kwanza. Nikishawaona nitajua la kusema."

Na hapo ndipo shida ilipoanzia, maana sisi Wakisii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima kati ya mzazi na mtoto. Mtu na baba yake hawaonani bila nguo, hawazungumzi mambo ya mwili, na baba haingii hata katika nyumba ya mwanawe aliyekwisha tahiriwa. Mimi nilikuwa nakwenda kuvua shati mbele ya watu na kupimwa kiuno. Sehemu hiyo sikumweleza. Nadhani aliikisia, maana hakuuliza, na asingeweza kuuliza. Basi tukaondoka nyumbani wanaume wawili ambao hakuna hata mmoja aliyeweza kutaja tunakokwenda.

Keroka, koti

Kutoka Nyaramba mtu mwenye akili haendi Kisii kupitia Keroka. Sisi tulipitia Keroka kwa sababu koti la tata lilikuwa kwa fundi pale, na tata hawezi kukutana na watu wa Nairobi bila koti.

Fundi mwenyewe anaitwa Kemunto. Anashonea barazani, nyuma ya malori yanayopumzika, na huwa anaongea bila kukanyaga breki. Siku hiyo alinitazama mara moja tu, kichwa kinang'aa, nguo nyeusi juu hadi chini, uso mkavu, tumbo limeingia ndani, na mashine ikasimama. Akainuka akamshika tata mkono kwa mikono yake yote miwili na kumwambia pole sana.

Niliona mdomo wa tata ukifunguka ili amsahihishe. Kisha nikamwona akifikiri. Kumsahihisha kulimaanisha kueleza tunakwenda wapi, na kwa nini mwanawe amenyolewa akavikwa hivyo, na hilo angelisema mbele yangu, mbele ya mwanamke, barabarani. Mdomo ukafungwa.

"Asante," akasema.

Kemunto akauliza ni nani aliyetutoka. Tata akajibu kwamba mambo yote yako mikononi mwa Mungu, jambo ambalo ni kweli siku yoyote ya wiki. Ndipo nilipojua kwamba baba yangu, ambaye hajawahi kusema uongo, ana kipaji kikubwa cha kutosema ukweli. Koti likakunjwa kwa heshima na vifungo vikakazwa upya bila malipo.

Tungeishia hapo. Lakini Nyangau akatokea. Huyu alisoma na tata, siku hizi ananunua ndizi mashambani na kuzipeleka Kisii kwa pikapu, na Kemunto alimfikishia habari kabla hatujavuka barabara. Alisema haiwezekani Mzee Ombati akangojee gari stendi akiwa na msiba. Akatuingiza mbele, akazima redio kwa heshima, na tukaondoka tukiwa na shehena ya ndizi mbichi nyuma yetu.

Ningependa kusema tulifika upesi. Nyangau alisimama kwa kila mtu anayemfahamu, na anafahamu watu wote. Kila kituo ilikuwa ni kushusha kioo, kunionyesha kwa kidevu, na sura mpya kuchungulia dirishani kutupa pole. Mimi nilikuwa sijala tangu jana mchana. Alipoona ninavyozitazama ndizi mbivu za mama mmoja kando ya njia alininunulia, na mahindi ya kuchoma juu yake, akaniambia nile, marehemu asingependa niteseke. Nilikula machozi yakinilengalenga kwa furaha. Nyangau akanipigapiga goti na kusema lia tu, kijana, lia.

Tata alikuwa anatazama nje dirishani. Masikio yake yalikuwa yanacheza, na kwa kuwa namjua, nilijua anajizuia. Sikujua tu kama ni hasira au kicheko.

Kisii, mlango wa kwanza

Tulipoingia mjini Nyangau hakuuliza tunashukia wapi. Alikata kona kuelekea hospitalini, nami nilidhani anapeleka ndizi jikoni, hadi aliposimamisha pikapu mbele ya chumba cha maiti, akazunguka na kumfungulia tata mlango.

Pale kulikuwa na nafasi ya mwisho ya kusema ukweli. Niliiona ikija na nikaiona ikipita. Nyangau alikuwa amemshika tata mkono kwa upole kiasi kwamba kumwambia amekosea kungekuwa ni kumpiga kofi. Tukaingia. Mhudumu akauliza tumekuja kumchukua nani. Tata akasema bado hatujajua. Mhudumu hakushangaa hata kidogo, nadhani husikia makubwa kuliko hayo, akatuonyesha benchi.

Kwenye benchi kulikuwa na msiba wa kweli. Familia moja iliyosafiri toka asubuhi ilikuwa inamsubiri mzee wao atolewe, na mchungaji wao alikuwa hajafika. Wakaliona koti la tata. Wakamwomba aongoze maombi, na hilo tata hakuwa na sababu ya kulikataa. Alisimama akaomba. Mnamjua tata akiomba. Alianzia kwa Adamu. Mabinti wa marehemu walilia, mimi nikasimama nyuma nimeinamisha kichwa changu kipya, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona aibu ya kweli, maana hawa walikuwa wamefiwa na sisi tulikuwa tumekuja kwa sababu ya shingo.

Katikati ya Musa simu yangu ikatetemeka. Nikatoka ukumbini. Alikuwa Nduta, naye hakuwa na furaha. Alisema wengine wameshapimwa, anataka kufunga, na mimi niko wapi.

"Niko mochari," nikasema.

Kwa sauti laini ambayo sikujua anayo akasema, "Pole sana, Momanyi. Usijali. Tutakungoja."

Nikasema asante. Ndivyo nilivyoambukizwa na mimi.

Nyangau alikuwa na ndizi za kuwahisha sokoni, kwa hiyo alituaga kwa kutukumbatia na kutuahidi kwamba tusihangaike na kuwapigia watu simu, yeye mwenyewe atawajulisha wa nyumbani. Tulimshukuru. Hilo lilikuwa kosa.

Kisii, ghorofani kwa Harshad

Harshad amezaliwa Kisii, baba yake amezaliwa Kisii, na Kikisii chake kinanizidi mimi. Anauza suti zinazopendeza kuliko zote mjini, naye anaziuza akiwa amevaa fulana na ndara. Tulipofika juu tata na mimi tulisimama mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake, na ndani tukaona kamera, taa, na Nduta akiwa na futi ya kupimia shingoni. Hakuna aliyeingia. Nduta akasema karibuni. Hakuna aliyeingia.

Harshad alitutazama, akaangalia futi, akanitazama mimi tena. Hakuuliza swali lolote. Alivuta jora la kitambaa cha suti, buluu iliyokolea, akalifungia kwenye dirisha upande mmoja na kwenye kabati upande wa pili, chumba kikagawanyika. Akaweka kiti upande wa mlangoni.

"Mzee, wewe kaa hapa," alimwambia tata kwa Kikisii. "Utasikia kila kitu na hutaona kitu. Kijana, wewe pita kule."

Nduta akauliza kinaendelea nini. Harshad akamwambia ni mambo ya kwetu.

Nikavua. Nduta akaanza kupima na kumtajia namba Kevo, kijana wa kamera aliyekuja naye kutoka Nairobi. Alipotaja kifua, upande wa pili tata alikohoa. Alipotaja kiuno, tata alianza kuimba wimbo wa kanisani, taratibu, kwa sauti ya chini ya besi. Alipofika makalioni wimbo ulipanda hadi madirisha yakatetemeka. Kevo akauliza, "Buda wako yuko sawa?" Nikamwambia yuko kazini.

Wimbo ulipokwisha yakaanza maswali, kutoka nyuma ya kitambaa.

"Mama, mwanangu atakuwa anafanya kazi siku ya Sabato?"

Nduta akasema maonyesho mengi huwa Jumamosi. Kiti cha tata kikalia. Akaongeza kwamba wanaweza kuzungumza.

"Na ni kazi ya namna gani hasa?"

"Mzee, ni kazi safi. Ni kazi ya nguo tu. Yeye atakuwa anavaa nguo."

"Na sasa hivi amevaa nguo?"

Nduta alinitazama. Nilikuwa na chupi na soksi. Kevo akageukia ukutani mabega yakicheza. Harshad, aliyekuwa ameshikilia ncha ya kitambaa isianguke, ndiye aliyejibu.

"Mzee Ombati, swali hilo halina haja."

Tata akasema ni kweli, akaliondoa swali.

Vipimo vilifaa. Nduta akasema picha zenyewe zitapigwa Jumapili kwenye shamba la chai huko Nyamache, kwa suti za Harshad, na hapohapo nitasaini au sitasaini, maana jioni hiyo anarudi Nairobi na nafasi ni moja. Nilisikia kiti kikisogea. Tata akasema neno lake atalitoa hiyo Jumapili, baada ya kuona. Kuona nini, sikuelewa, maana kuona ndiko alikokuwa amekukimbia siku nzima.

Sabato

Jua lilikuwa linashuka. Sabato huanza jua likizama, na tata hasafiri ndani ya Sabato hata gari likija kumchukua mlangoni. Harshad akasema basi tulale kwake, nyumba iko nyuma ya duka, na mkewe amekwisha kupika.

Mezani kulikuwa na dengu, viazi, bilinganya, chapati nyembamba zilizopakwa samli, mtindi, na kachumbari. Tata alingoja. Mimi pia nilingoja. Hakuna kilichofuata. Nikaona uso wa tata ukijaa huruma, kisha akaomba ruhusa ya kushukuru, na katika kushukuru akamsihi Mungu aitazame familia hii njema na kuwafungulia milango ya riziki ili nao siku moja wapate nyama. Harshad alisema amina kwa sauti kubwa, halafu akacheka hadi mkewe akampiga mgongoni. Alipopata pumzi alieleza kwamba nyumba yao haijala nyama tangu babu wa babu, kwa dini yao. Tata aliweka chapati chini. Alisema kanisani kwetu wanahubiriwa kupunguza nyama kila mwaka na hakuna anayesikia, naye mwenyewe husikia kwa sikio moja, kumbe kuna watu wanatii bila hata kuhubiriwa na Wasabato. Akala sahani tatu.

Chai ilipokuja aliikataa, kwa sababu hiyohiyo ya kanisa. Harshad akamuuliza inakuwaje mtu analima chai maisha yake yote na hainywi. Tata akamtazama fulana ile na ndara zile, akamuuliza suti za duka lote zile anamuuzia nani. Tangu hapo walikuwa marafiki.

Asubuhi, tukijitayarisha kwenda kanisani, mama alipiga simu. Aliniuliza swali ambalo sitalisahau.

"Momanyi, ni nani kati yenu amekufa?"

Nyangau alikuwa ametimiza ahadi yake. Habari zilifika Nyaramba kabla ya jua kuzama, na kwa kuwa yeye hakujua marehemu ni nani, kila aliyezipokea alijaza pengo mwenyewe. Wa upande wa juu walisema ni tata. Wa upande wa chini, wengi wenu mkiwemo, mlisema ni mimi. Mama aliamka akakuta watu uani wamebeba kuni, mikungu ya ndizi na sufuria, na shangazi anagaagaa kwenye nyasi. Mama anajua tulikokwenda, lakini yeye pia ni mzazi, naye chinsoni inamfunga, hangeweza kusimama mbele ya kijiji kutangaza kwamba mwanawe amekwenda kupigwa picha kifua wazi. Alimwomba tata azungumze na waombolezaji. Tata akachukua simu, akawaambia yu hai, Momanyi yu hai, hakuna aliyekufa, Mungu awabariki. Wakamuuliza basi mmekwenda wapi na mtoto amenyolewa kwa nini.

Akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Tutaongea nikirudi," akasema, na kunirudishia simu.

Nasikia mlikaa mkazila ndizi zote. Si vibaya.

Kanisani hakuimba. Alasiri tulikaa kwenye ngazi za nyuma ya duka, na bila kunitazama akasema, "Nimepokea pole za watu wazima kuanzia Keroka mpaka hapa. Hakuna neno la uongo nililosema, na nimewadanganya wote."

Nikamwambia kosa ni langu, turudi nyumbani kesho, niache hayo mambo. Nilimaanisha. Nilikuwa nimemwona akiwa ameshika simu, akiogopa swali jepesi, na sikuweza kuvumilia kumwona baba yangu akiogopa. Alisema tu kwamba kesho ni Nyamache, na koti lake lipigwe pasi.

Nyamache

Harshad alitupeleka mwenyewe, suti zimening'inia nyuma ya gari. Shamba lilikuwa la mtu anayemfahamu, kwenye mteremko, chai juu na migomba chini, na umande bado haujakauka. Wanawake kadhaa walikuwa wameanza kuchuma.

Kevo aliniambia nitavaa suruali na koti la suti, bila shati. Harshad akasema yeye anauza na mashati pia, sasa shati liko wapi? Kevo akamweleza kwamba huo ndio mtindo. Harshad akauliza mtindo wa kuonyesha bidhaa moja na kuificha nyingine ni wa faida ya nani. Nduta akawatenganisha. Tata alikuwa amekwisha ondoka. Alichukua nguo zangu nyeusi nilizozivua nyuma ya gari, akashuka mistari michache ya chai, akasimama akiwa amenipa mgongo, uso wake kwenye bonde. Alisimama hivyo asubuhi yote. Nikihitaji kujifuta umande, aliinyoosha fulana yangu nyuma bila kugeuka, Harshad akaja kuichukua.

Mimi niliteseka. Nimechuma chai tangu nikiwa mfupi kuliko mche wenyewe, lakini Kevo alitaka nichume vile anavyodhani chai inachumwa. Kapu lisikae mgongoni kwa sababu linaficha bega. Mkono uwe laini. Nitazame mbali. Aliniambia nijaribu kuonekana kama mtu wa shamba. Nilimwambia mimi ni mtu wa shamba. Akasema ndiyo, lakini isiwe sana. Basi nikasimama pale koti wazi, kifua kikipigwa baridi, nimeshika konzi ya majani kama shada la bibi harusi, na wachumaji wakaacha kazi kabisa. Mmoja alijifunga leso upya ili acheke vizuri.

Mmoja wao, mama wa makamo, hakucheka. Alikuwa anamtazama tata. Na ukimtazama kwa macho yake ulimwona mzee aliyevaa koti zuri, amesimama peke yake katikati ya chai, ameuelekeza uso upande wa bonde, amekumbatia nguo nyeusi za mwanamume ambaye hayupo ndani yake. Aliweka kapu chini akamwendea. Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia, na nilijua anakwenda kumwambia nini.

"Pole sana, mzee," akasema kwa Kikisii. "Ni nani?"

Nilimngoja amtaje Mungu. Nilikuwa nimeshazoea. Hata nilitamani amtaje, yaishe, maana pale palikuwa na watu wengi kuliko Keroka, wote wamenyamaza, na mimi niko nusu uchi nyuma yake.

"Hakuna aliyekufa, mama," tata akasema. "Nguo hizi ni za mwanangu. Ni huyo hapo nyuma yangu, asiye na shati. Yuko kazini, na mimi ndiye niliyemleta."

Hakusema kwa sauti ya chini. Alisema kwa sauti ya kanisani, ile inayofika viti vya nyuma. Mama yule alinitazama mimi, akamtazama yeye, akarudi kunitazama mimi, kuanzia kichwa hadi kwenye konzi yangu. Akafikiri.

"Sasa kama ni mtoto wako," akasema, "mbona anashika majani vibaya hivyo?"

Wachumaji wakaangua kicheko. Nikaiona shingo ya tata ikikakamaa, na masikio yakaanza kucheza, na safari hii nikajua ni nini, kwa sababu mabega nayo yalifuata. Alicheka akiwa amenipa mgongo. Kisha akainua sauti, bado akilitazama bonde, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia kuhusu kazi hii tangu tutoke Nyaramba.

"Momanyi! Shika majani vizuri, watu wanakutazama!"

Nikaweka kapu mgongoni panapostahili, nikachuma majani mawili na chipukizi kama alivyonifundisha, na Kevo akaacha kubishana, akapiga picha tu. Nduta, ambaye hajui Kikisii, alinisogelea na karatasi zake, akauliza mzee anapigia kelele gani kule chini.

Nikamwambia amesema ndiyo.